Hofu Kabla ya Ultramarathoni ya Kwanza: Ipi Itulizwe, Ipi Isikilizwe

Utangulizi

Mhasibu mwenye umri wa miaka 43 anaingia katika chumba cha daktari jijini Dar es Salaam akiwa na malalamiko manne. Halali vizuri, tumbo linamsumbua kila asubuhi, moyo unamwenda mbio hata akiwa ameketi, na goti la kulia limeanza kumuuma. Baada ya siku 12 anatarajiwa kuwa Afrika Kusini, kwenye mstari wa kuanzia wa Comrades Marathon, mbio za takriban kilomita 90 kati ya miji ya Durban na Pietermaritzburg. Amekwisha kumaliza marathoni mjini Moshi kwa saa 4 na dakika 30. Umbali mrefu kuliko wote aliowahi kukimbia mazoezini ni kilomita 48. Anapomaliza kueleza, anatamka maneno mawili tu: “Daktari, sijajiandaa.” Ndani ya mkoba wake mna pakiti ya diklofenaki aliyoinunua dukani bila cheti.

Mgonjwa huyu ni wa mfano, lakini wenzake wa kweli wanaongezeka. Vikundi vya mbio za kujifurahisha vimeenea katika miji ya Afrika Mashariki, na baadhi ya wanachama wake, wakishazoea marathoni ya kilomita 42.195, hutamani kuvuka mpaka huo. Mbio zozote zinazozidi umbali wa marathoni huitwa ultramarathoni. Nyingine ni za kilomita 50, nyingine 100, na nyingine huendelea kwa siku kadhaa.

Makala haya yanaeleza chanzo cha hofu inayomshika mkimbiaji kabla ya mbio hizo, namna inavyojitokeza mwilini, na jinsi mhudumu wa afya anavyoweza kuipima. Hoja yake kuu ni kwamba hofu hii ina sehemu mbili. Moja ni ya kawaida na inahitaji kutulizwa. Nyingine ni taarifa ya kweli kutoka mwilini, na anayeipuuza huenda akailipia kwa figo, moyo au uhai wake.

Kwa nini kila anayeanza hujiona hajajiandaa

Mtahiniwa wa kidato cha nne hufanya mtihani wa majaribio unaofanana na ule wa taifa. Mkimbiaji wa ultramarathoni hana majaribio ya aina hiyo. Anayejiandaa kwa kilomita 90 kwa kawaida hukimbia kilomita 50 hadi 60 mara moja, wiki kadhaa kabla ya mashindano, wala hazidishi. Akikimbia umbali wote mazoezini, misuli itaumia kiasi cha kuhitaji wiki nyingi za kupona, na siku ya mbio itamkuta amechoka. Hivyo kilomita 30 au 40 za mwisho ni nchi ambayo miguu yake haijawahi kuikanyaga. Anaposema hajajiandaa, kwa kiasi fulani anasema kweli, na kweli hiyo inamhusu kila mgeni wa mbio hizo, hata yule aliyefuata ratiba yake bila kukosa siku.

Sababu ya pili hutokana na ratiba yenyewe. Katika wiki mbili hadi tatu za mwisho, mkimbiaji hushauriwa kupunguza mazoezi. Uchambuzi wa tafiti nyingi umeonyesha kwamba kupunguza wingi wa mazoezi kwa takriban nusu katika wiki mbili za mwisho, bila kupunguza kasi yake, huboresha matokeo. Misuli hupona na akiba ya sukari ndani yake, iitwayo glaikojeni, hujaa. Lakini mtu aliyezoea kuituliza akili yake kwa kukimbia sasa anabaki na muda mwingi wa kuwaza. Miguu huonekana mizito. Kijiumivu ambacho mwezi uliopita asingekitambua sasa humkesha.

Sababu ya tatu ni kujilinganisha. Katika makundi ya simu, wenzake hutuma picha za kilomita walizokimbia, lakini ni nadra kutuma picha za siku walizolala nyumbani kwa uchovu. Anayesoma hujiona amebaki nyuma peke yake.

Kinachotokea mwilini

Ubongo ukitambua tishio, huamsha mfumo wa neva unaojiendesha wenyewe na kuzichochea tezi za adrenali, zilizo juu ya figo, zimwage homoni ya adrenalini. Baadaye kidogo homoni ya kotisoli huongezeka pia. Mapigo ya moyo hupanda, viganja hutoa jasho, sukari hutolewa kutoka kwenye ini na damu huelekezwa kwenye misuli. Utumbo nao huguswa: wengine huharisha, wengine hupata kichefuchefu, na wengi huenda haja ndogo mara kwa mara. Usingizi hupungua kwa sababu mwili uko katika hali ya tahadhari.

Mwitikio huu unaandaa mwili kwa kazi. Hofu ya wastani humfanya mtu awe makini, apange vifaa vyake mapema na asianze kwa kiburi. Dalili za hofu na zile za hamu kubwa hufanana sana mwilini, na kinachozitenganisha ni jina ambalo mtu huzipa. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2014, Alison Wood Brooks wa Chuo Kikuu cha Harvard alionyesha kwamba watu waliojiambia kuwa wana msisimko kabla ya kuhutubia au kufanya mtihani wa hesabu walifanya vizuri kuliko waliojaribu kujituliza. Kwa hiyo mkimbiaji haambiwi “usiogope”, agizo ambalo mwili hauwezi kulitii. Inafaa zaidi kumweleza kwamba moyo unaokwenda mbio ni ishara kuwa mwili umekwisha kuanza kujipanga.

Kuhusu usingizi, ni vyema mkimbiaji ajue kwamba wengi hulala kidogo usiku wa kuamkia mbio. Usiku mmoja mbaya hauharibu mazoezi ya miezi. Usingizi wa maana zaidi ni ule wa wiki nzima iliyotangulia.

Aina tatu za kutojiandaa

Neno “sijajiandaa” hubeba mambo matatu yasiyofanana. Mhudumu akiyachanganya, atamfariji anayehitaji kuzuiwa au atamzuia anayehitaji kufarijiwa.

*Aina ya kwanza ni kutojua umbali.* Hii imekwisha kuelezwa. Ni ya kila mtu na haina tiba isipokuwa mbio zenyewe. Hata hivyo hesabu ndogo huipunguza makali. Comrades Marathon humpa mshiriki saa 12. Kilomita 90 kwa saa 12 ni wastani wa dakika 8 kwa kila kilomita. Mhasibu wa mfano wetu alikimbia marathoni yake kwa wastani wa dakika 6 na sekunde 24. Ana takriban dakika moja na nusu ya akiba katika kila kilomita, na akiba hiyo inamruhusu kutembea kwenye vilima. Njia hiyo ina vilima vitano maarufu: Cowies Hill, Field's Hill, Botha's Hill, Inchanga na Polly Shortts. Washiriki wengi huvipanda kwa kutembea, na wanaopanga mapema mahali pa kutembea hufika wakiwa na nguvu kuliko wanaolazimishwa na uchovu.

*Aina ya pili ni kukosa mpango.* Mkimbiaji hajui atakula nini, atakunywa kiasi gani, ataanza kwa kasi ipi, wala atafanya nini akitapika kwenye kilomita ya 60. Upungufu huu hurekebishika hata zikiwa zimebaki siku chache. Mpango ulioandikwa kwa muundo wa “ikitokea hivi, nitafanya hivi” hupunguza hofu kwa sababu unaipa akili kazi ya kufanya badala ya kuiacha izunguke.

*Aina ya tatu ni upungufu wa mwili wenyewe.* Hapa wamo wasiofanya mazoezi ya kutosha kwa miezi, wenye majeraha ambayo hayajapona, na wanaougua. Mwili huchukua wiki nyingi kujijenga kutokana na mazoezi. Kilomita zinazokimbiwa katika siku kumi za mwisho huacha uchovu na karibu hakuna faida. Upungufu wa aina hii hauzibiki kwa haraka. Unaweza tu kuheshimiwa, ama kwa kulegeza lengo, ama kwa kuahirisha.

Makosa yanayozaliwa na hofu

Hofu yenyewe haimdhuru mkimbiaji mara nyingi. Madhara hutokana na yale anayoyafanya ili aiondoe.

*Kufidia mazoezi.* Mkimbiaji aliyekosa wiki tatu kwa sababu ya kikohozi huamua kukimbia kilomita 40 Jumamosi ya mwisho ili ajihakikishie kuwa anaweza. Anaingia kwenye mashindano akiwa na misuli iliyochoka na mifupa iliyolemewa.

*Kunywa maji kupita kiasi.* Ushauri wa zamani uliwataka wakimbiaji wanywe mapema na kwa wingi iwezekanavyo. Mwaka 1985, Timothy Noakes na wenzake wa Afrika Kusini walieleza habari za wanamichezo wanne wa mbio ndefu waliougua kwa sababu ya kunywa kupita kiasi. Damu yao ilizimuliwa na kiwango cha sodiamu kikashuka. Katika marathoni ya Boston ya mwaka 2002, wakimbiaji 488 walipimwa damu walipomaliza, na asilimia 13 walikutwa na sodiamu iliyoshuka chini ya kawaida. Mchovu, mwenye maumivu na mwenye kichefuchefu wana hatari zaidi, kwa kuwa hali hizo huchochea homoni inayozuia figo kutoa maji. Dalili ni kuumwa kichwa, kutapika, vidole kuvimba, kuchanganyikiwa na hatimaye degedege. Kanuni iliyo salama kwa wengi ni kunywa kadiri ya kiu. Mkimbiaji aliyeongezeka uzito wakati wa mbio amekunywa kupita mahitaji yake.

*Kumeza dawa za maumivu kama kinga.* Wakati wa mbio ndefu, damu inayokwenda kwenye figo hupungua, na figo hutegemea kemikali ziitwazo prostaglandini ili zisikose damu kabisa. Diklofenaki, ibuprofeni na jamaa zake huzuia kemikali hizo. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2017, wakimbiaji wa kilomita 80 walipewa ama ibuprofeni miligramu 400 kila baada ya saa 4 ama kidonge kisicho na dawa. Dalili za figo kuumia zilionekana kwa asilimia 52 ya waliotumia ibuprofeni na asilimia 34 ya wenzao. Washiriki walikuwa wachache, kwa hiyo tofauti hiyo peke yake haimalizi mjadala, lakini inalingana na yale yanayofahamika kuhusu utendaji wa figo. Tena dawa hizi huficha maumivu ambayo yangemwonya mkimbiaji asimame.

*Kutafuta dawa ya kutuliza hofu.* Wapo wanaoomba diazepamu ili walale, au propranololi ili moyo utulie. Ya kwanza huweza kumwacha mtu na usingizi na miguu isiyo imara asubuhi. Ya pili hupunguza mapigo ya moyo na uwezo wa mwili kufanya kazi ngumu. Hofu ya kawaida ya mbio haistahili dawa hizi. Anayezitumia kwa ugonjwa uliothibitishwa asiziache ghafla bali azungumze na daktari wake mapema.

*Kubadili mambo dakika za mwisho.* Viatu vipya, chakula kigeni, vidonge vya nguvu alivyopewa na rafiki: yote haya huleta malengelenge au kuhara, na hayaongezi hata kilomita moja ya uwezo.

Dalili zisizopaswa kuitwa wasiwasi

Mhudumu wa afya ana kishawishi cha kumwambia mkimbiaji mwenye moyo unaokwenda mbio, “Ni wasiwasi tu.” Kauli hiyo itolewe baada ya vipimo, kamwe isivitangulie. Hali zifuatazo zinahitaji uchunguzi kabla ya mtu kuruhusiwa kukimbia:

- Maumivu ya kifua, kuzimia au kukosa pumzi kusiko kwa kawaida wakati wa mazoezi, au ndugu wa karibu aliyefariki ghafla akiwa kijana.
- Moyo unaoruka mapigo au kwenda mbio ghafla bila sababu. Kipimo cha umeme wa moyo kinahitajika.
- Homa. Mwenye homa, kikohozi cha kifuani au maumivu ya mwili mzima asikimbie, kwa kuwa maambukizi yanaweza kugusa misuli ya moyo.
- Maumivu ya mfupa mahali pamoja yanayoongezeka akiruka kwa mguu mmoja au yanayomwamsha usiku. Huenda mfupa umeanza kupata ufa.
- Mkojo wenye rangi ya chai ya rangi baada ya mazoezi. Ni ishara kwamba misuli imevunjika na inaziba figo.

Kwa wakimbiaji wa Afrika Mashariki, homa ina jambo la ziada. Malaria huweza kujitokeza siku 7 hadi 14, au hata wiki kadhaa, baada ya mtu kuumwa na mbu. Anayesafiri kutoka Dar es Salaam, Tanga au Mombasa anaweza kupanda ndege akiwa mzima na kuugua akiwa Durban, mji ambao kwa wahudumu wake malaria si ugonjwa wa kila siku. Apimwe kabla ya safari akiwa na homa, na akiugua ugenini aseme bila kuulizwa kwamba ametoka eneo lenye malaria.

Wenye kisukari, shinikizo la juu la damu au ugonjwa wa figo wahitaji mpango wa dawa uliopangwa na daktari wao. Waliorithi kinasaba kimoja cha selimundu wanaweza kushiriki mbio, lakini wasijikaze kupita uwezo hasa kwenye joto na miinuko, na wasimame mara miguu inapoishiwa nguvu ghafla. Wenye ugonjwa wa selimundu wenyewe wasijaribu umbali huu bila uamuzi wa bingwa anayewatibu.

Hofu nayo inaweza kuwa ugonjwa. Ikiwa ilikuwapo miezi mingi kabla ya mbio kutajwa, inamzuia mtu kufanya kazi, au inamjia kwa vipindi vya ghafla vya kuhisi anakufa, huyo anahitaji huduma ya afya ya akili, na mbio zimetoa nafasi tu ya tatizo kuonekana.

Neno kwa wanaohudumu kwenye mahema ya mbio

Mkimbiaji aliyeanguka hudhaniwa upesi kuwa amepungukiwa maji, na dripu hutundikwa. Kwa mwenye sodiamu iliyoshuka, dripu ya kawaida inaweza kumzidishia uvimbe wa ubongo. Aliyechanganyikiwa apimwe kwanza mambo matatu: joto la mwili kwa njia ya haja kubwa, sukari na sodiamu. Joto likizidi nyuzi 40, apoozwe hapo hapo kwa maji ya barafu kabla ya kuhamishwa. Sodiamu ikiwa chini na mgonjwa ana degedege au amepoteza fahamu, miongozo inapendekeza mililita 100 za maji ya chumvi ya asilimia 3 kwenye mshipa, na zinaweza kurudiwa mara mbili kwa nafasi ya dakika 10 iwapo hali haijabadilika. Anayezimia mara tu baada ya kuvuka mstari wa mwisho, akiwa na akili timamu, mara nyingi hupona kwa kulazwa na kuinuliwa miguu.

Mazungumzo yanayosaidia

Robo saa hutosha kwa mashauri ya kwanza. Mhudumu amwache mkimbiaji aseme hofu yake hadi mwisho, kisha amuulize: “Unaogopa nini hasa?” Mara nyingi jibu hubadilika. Aliyesema anaogopa umbali hukiri kwamba anaogopa aibu, kwa kuwa ofisi nzima imemchangia nauli. Mwingine hukiri kwamba goti lilianza kuuma mwezi mmoja uliopita na hajamwambia mtu.

Baada ya uchunguzi wa mwili, wawili hao waandike mambo machache pamoja. La kwanza ni kasi ya kuanzia, iwe ya polepole kiasi cha kumwezesha kuzungumza bila kuhema. La pili ni chakula: gramu 30 hadi 60 za wanga kwa saa huwafaa wengi, na ndizi mbivu moja ya wastani ina takriban gramu 25. Chakula hicho kiwe alichokizoea mazoezini. La tatu ni malengo mawili: lile analolitamani na lile ambalo bado ataridhika nalo. La nne ni dalili zitakazomfanya asimame, ziandikwe akiwa bado na akili tulivu, kwa sababu kwenye kilomita ya 70 uchovu hauamui vyema.

Usiku, hofu inapopanda, kupumua polepole huku pumzi ya kutoka ikiwa ndefu kuliko ya kuingia husaidia kushusha mapigo ya moyo. Dakika tano zinatosha.

Kuacha mbio

Watanzania wengi wamekua wakisikia habari za John Stephen Akhwari. Katika marathoni ya Olimpiki ya Mexico City mwaka 1968, alianguka na kuumia goti, akafungwa bandeji, akaendelea hadi uwanjani wakati mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia, alikuwa amemaliza zaidi ya saa moja kabla. Wakimbiaji 75 walianza na 57 wakamaliza; Akhwari alikuwa wa mwisho kati yao. Habari hiyo imewafundisha wengi uvumilivu, na inastahili heshima yake.

Lakini uvumilivu wa mwanariadha wa taifa aliyekuwa amebakiza sehemu ya marathoni hauwezi kuwa dawa ya kila mtu. Mwenye ufa kwenye mfupa anayekimbia kilomita 90 anaweza kuuvunja kabisa. Mwenye homa anauweka moyo wake rehani. Comrades Marathon yenyewe inatoa fundisho jingine. Ilianzishwa na Vic Clapham, askari aliyepigana Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia katika Afrika Mashariki ya Wajerumani, ambako alitembea takriban kilomita 2,700 katika kampeni iliyopita sehemu kubwa ya ardhi ambayo leo ni Tanzania. Mbio hizo zilikusudiwa kuwa kumbukumbu ya mateso na ushirika wa wenzake waliokufa. Zilipofanyika kwa mara ya kwanza, tarehe 24 Mei 1921, walianza watu 34 na wakamaliza 16. Zaidi ya nusu ya waanzilishi waliishia njiani, na hakuna aliyewaondolea heshima ya kuwa waanzilishi.

Hata leo, saa 12 zinapotimia bastola hulia, na anayefika sekunde moja baadaye hahesabiwi miongoni mwa waliomaliza. Mkimbiaji mgeni afahamu mapema kwamba hilo linaweza kumpata, na kwamba mwaka unaofuata mbio zitakuwepo tena. Wagonjwa waliofika hospitali na figo zilizoharibika hawana hakika hiyo.

Hitimisho

Mhasibu wa mfano wetu alichunguzwa. Moyo wake ulikuwa salama, na kipimo cha malaria hakikuonyesha vimelea. Usingizi, tumbo na mapigo ya haraka vilikuwa vya hofu ya kawaida, naye alipoelezwa hivyo mabega yake yalishuka. Goti halikuwa limevimba, lakini aliporuka kwa mguu mmoja alikunja uso na kushika mfupa wa muundi, chini kidogo ya goti. Hapo ndipo ilipokuwa taarifa ya kweli aliyokuwa ameifunika kwa diklofenaki kwa wiki mbili. Alielekezwa akapigwe picha ya mfupa, asikimbie hadi majibu yapatikane, na aiache dawa ile.

Malalamiko manne yaliingia chumbani pamoja, na yote yalikuwa yakiitwa kwa jina moja, hofu. Matatu yalihitaji maelezo na faraja, na moja lilihitaji picha. Kazi ya mhudumu ni kuyatenganisha kabla hajasema neno la kutuliza. Kazi ya mkimbiaji ni kuyataja yote, hata lile analoogopa kwamba litamzuia kusafiri.